Macho ya Kuazima

Trekta niliyoiendesha miaka ile ya mwisho kabla ya vita vya pili ilikuwa na taa mbili mbele, na taa hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kutuonyesha kwamba kuna kitu hakiko sawa. Balbu zilikuwa zikiungua. Nilitia mpya, zikawaka kwa mwanga mkali kupita kiasi, halafu baada ya safari chache zikawa nyeusi kama zimepakwa masizi.

Shamba lilikuwa upande wa Sotik, kwenye mteremko unaotazama Ndanai. Halikuwa moja ya yale mashamba makubwa ya chai ya Kericho yenye nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari. Lilikuwa la mzungu mmoja na mkewe, wenye vitalu vichache vya chai, mahindi, na ng'ombe wa maziwa. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu, upande wa ziwa, nikiwa na madarasa machache ya misheni kichwani. Nilianza kama taniboi wa lori, nikapanda juu na kushuka chini na magunia mpaka dereva wangu akanionea huruma na kunifundisha kushika usukani. Bwana aliponunua trekta, akanichukua. Nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu alinifuata akiwa na kikapu kimoja na chungu kimoja, tukapewa nyumba ya udongo nyuma ya zizi la ng'ombe, na kabla ya mvua za masika kuanza alikuwa na mimba.

Kabla yangu, majani ya chai yalikwenda kiwandani kwa maksai. Aliyewaendesha alikuwa Mkipsigis mmoja mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyotobolewa na kuvutwa kwa desturi ya kwao. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu shamba lile lilipokuwa bado msitu nusu. Trekta ilipofika, bwana aliwauza maksai karibu wote, akabakiza jozi moja ya kulimia bustani na kukokota kuni. Yule mtu akabaki na jozi hiyo. Hakunitukana hata siku moja, wala hakunisema vibaya kwa wengine. Ila hakunisalimu. Tulipopishana njiani aliwashika maksai wake pembeni, akanitazama kama mtu anavyotazama mti, nami nikapita na trela yangu.

Sasa, habari ya zile balbu. Nilipeleka trekta kwa fundi wa Sotik, Kalasinga mwenye karakana ya mabati karibu na maduka. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Aliinama chini ya usukani akagonga kisanduku cheusi kwa bisibisi.

"Hii ndiyo mgonjwa," akasema. "Regyuleta."

Akanieleza kwamba dinamo hutengeneza umeme injini inapozunguka, na kazi ya kile kisanduku ni kuupima, usiwe mwingi kuliko betri inavyoweza kumeza. Ndani yake kuna vidole viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana haraka haraka. Vyetu vilikuwa vimeungua na kugandana. Umeme ulikuwa unaingia kwenye betri bila mtu wa kuuzuia mlangoni.

"Kutengeneza huwezi?" nikauliza.

"Naweza kusugua. Kesho inaganda tena. Nitaagiza mpya Nakuru."

Mpya ingekuja kwa gari la moshi hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo watu wa siku hizi wanaiita Kipkelion, halafu ipakiwe lori, ipite Chepseon na Kericho hadi ifike kwetu. Wakati wa mvua safari hiyo haikuwa na ahadi. Fundi akanishauri niwe naacha taa zikiwaka hata mchana ili zitumie umeme unaozidi, na niwe naongeza maji kwenye betri kila asubuhi. Nilifanya hivyo. Watu njiani walicheka kuona taa zinawaka juani. Lakini betri iliendelea kupata joto, na harufu yake, kama ya yai viza, ilikuwa inanifuata hadi nyumbani kwenye nguo.

Kisha bwana akashikwa na homa mbaya. Mkewe alimpeleka hospitali ya Kericho, na nyuma yao mto ukafurika, daraja la kati yetu na Sotik likawa halipitiki kwa gari, ila kwa mkokoteni. Shamba likabaki na nyapara, nasi tukaendelea na kazi kama kawaida, maana chai haingoji mtu apone.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imepumzika. Nilikuwa nimeshuka na trela iliyojaa majani hadi pale njia inapovuka kijito, nikasimama kwa sababu harufu ilikuwa imenizidi. Nilizima injini, nikaondoa ubao uliofunika betri. Maji ndani yake yalikuwa yakitokota kama uji. Nikaona afadhali nitoe waya mmoja, betri ipoe kidogo. Sikujua, wala hakuna aliyekuwa amenieleza, kwamba hewa inayotoka kwenye betri inayochemka hushika moto kama petroli. Niliweka spana kwenye nati. Cheche ndogo ikaruka, na betri ikapasuka usoni mwangu.

Sikusikia maumivu mara moja. Nilisikia kishindo, halafu ubaridi wa maji usoni, halafu ndipo moto ukaja. Maji makali ya betri yalikuwa yameingia katika macho yote mawili. Nilianguka kwenye matope nikipiga kelele kwa lugha ya mama yangu. Nilikuwa najisugua kwa mikono iliyojaa hayo hayo maji, nikizidisha.

Mtu akanishika mikono akaiondoa usoni kwa nguvu. Ilikuwa mikono ya mwanamke, migumu. Alisema maneno ya Kikipsigis ambayo sikuyajua, kisha akatafuta Kiswahili na kupata neno moja.

"Fungua!" akasema. "Fungua! Fungua!"

Sikuweza. Akaweka goti lake kifuani pangu, akanifungua jicho kwa vidole vyake kama mtu anayemenya ganda la yai, akamwaga maji. Maji baridi ya mto, mengi, bila kuyaonea uchungu. Alimwaga jicho la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Nilijaribu kumsukuma na hakusukumika. Debe lake lilipokwisha nilisikia likianguka chini, akaita wenzake kwa sauti kubwa, na baada ya muda nikasikia miguu ya watu wakikimbia kutoka kijitoni na maji mengine. Akaendelea. Nilikuwa nimeloa hadi kiunoni, natetemeka, na yeye bado anamwaga na kusema neno lake lile lile moja, sasa kwa sauti ya chini, kama unavyomwambia mtoto.

Wachumaji wawili walinishika mikono wakanipeleka zahanati ya shamba la jirani. Dresa wa pale alikuwa mtu wa kwetu, na nilipomsikia akisema nami kwa lugha yetu nililia kuliko nilivyolia njiani. Aliniosha tena, akapaka dawa, akafunga macho yote mawili kwa kitambaa.

"Nani alikuosha mara ya kwanza?" akauliza.

"Mama mmoja. Simjui. Sikumwona."

"Kama wangekuleta kwangu kabla ya kukuosha," akasema, "leo ningekuwa nakutafutia fimbo ya kutembelea."

"Nitaona tena?"

Alikaza fundo la kitambaa. "Mimi nitafunga, wewe utatulia. Usifungue kitambaa hata ukiwashwa. Tutajua baadaye."

Nikarudi nyumbani nikiongozwa na mke wangu. Sipendi kukumbuka siku zile, lakini sitaki kuziruka, maana bila hizo huwezi kujua ninashukuru nini. Nilikaa kwenye kiti mlangoni nikisikiliza shamba likiendelea bila mimi. Nilisikia wachumaji wakipanda na vikapu, nikasikia mvua ikianza kwenye migomba kabla haijafika kwenye paa letu. Mke wangu alinilisha. Hakuniambia nisiogope, kwa sababu naye alikuwa anaogopa, na mimi nilimpenda zaidi kwa kutonidanganya. Nyumba ile ilikuwa ya dereva. Dereva asiyeona hana nyumba. Mtoto alikuwa anakuja.

Na kitu kimoja zaidi nilikisikia kila asubuhi: magurudumu ya mkokoteni na sauti ya mtu akiwaita maksai wake kwa majina. Trekta ilipokufa, kazi ilikuwa imemrudia mwenyewe. Jozi moja haikuweza kubeba chai yote, lakini ilibeba, na watu walimpigia vigelegele akipita. Sikumwonea kijicho. Nilifikiri tu kwamba zamu imegeuka, na kwamba kwa upande wake ilikuwa haki.

Basi jioni moja, jua likiwa bado halijatua, mke wangu alikuwa anachambua mboga, nami nikasikia mtu amesimama mbele yetu.

"Chamgei," akasema mtu huyo.

Nikajibu salamu. "Ni nani?"

"Mimi wa maksai."

Sauti yake ilikuwa nyororo kuliko nilivyotarajia. Mke wangu akamletea kigoda. Nilisikia fimbo yake ikilala chini.

"Fundi ya Sotik amenisimamisha leo," akasema. "Anasema sanduku yako imefika. Ile ya trekta. Nikamwambia betri yako imepasuka, basi na betri iko nayo, ya zamani lakini nzima. Yeye mwenyewe hawezi kuja. Ana lori tatu zimelala na barabara ni matope."

"Asante kwa habari, mzee. Lakini mimi unaniona."

"Nakuona." Akavuta kigoda karibu. "Ile mama alikumwagia maji, unamjua?"

"Simjui. Nimeuliza, na wachumaji wananiambia tu ni mama wa bondeni."

"Ni mama ya watoto yangu."

Nilisikia kisu cha mke wangu kikisimama.

"Siku ile alirudi nyumbani na debe tupu," akaendelea. "Nikamuuliza, maji iko wapi? Akaniambia, iko kwa macho ya dereva." Alicheka kidogo kwa pua. "Kesho nikitoka kiwandani nitapitia Sotik. Sanduku na betri nitaleta kwa mkokoteni. Kesho kutwa tutafunga."

"Tutafunga na nani? Mimi sioni."

"Wewe unajua, mimi naona. Si inatosha?"

Nikamwambia jambo lililokuwa likinisumbua. "Mzee, trekta ikipona, chai itarudi kwenye trela."

"Najua hiyo."

"Sasa mbona unanisaidia?"

Alikuwa mtu ambaye hajibu kabla ya kufika mwisho wa wazo lake. "Mama alitoka mtoni na mgongo inauma," akasema. "Maji yake yote akamwaga kwako. Mimi siwezi kukaa na kuangalia ile maji inapotea bure."

Akaokota fimbo yake akaenda. Mke wangu alikaa pale, kisha akasema kwa lugha yetu, "Erokamano," asante, ingawa mtu mwenyewe alikuwa amekwisha kufika mbali na asingeielewa.

Siku tuliyofunga ile regyuleta, alikuja kunichukua baada ya kukamua. Aliniongoza kwa kunipa ncha ya fimbo yake, yeye akashika upande mwingine, na nilipofika penye shimo alisema "shimo", penye jiwe akasema "jiwe", basi. Trekta ilikuwa imevutwa hadi kwenye banda. Nilipogusa chuma chake baridi nilisikia kama nimekutana na ndugu aliyelazwa.

Shida yetu ilikuwa herufi. Kisanduku kile kina waya nne, na kila mahali pa waya pamepigwa muhuri wa herufi moja: A, D, F na E. Ukichanganya, unaunguza dinamo. Bwana na mkewe walikuwa Kericho. Nyapara hakuwa amesoma, mke wangu hakuwa amesoma, na yule mzee hakuwa ameshika kalamu maishani. Mimi peke yangu niliyezijua nilikuwa nimefungwa macho. Nikamwomba anipe kiganja chake. Nikachora kwa kidole.

"Hii ya kwanza," nikasema.

Alirudia mstari kwa kidole chake mwenyewe. "Paa la nyumba," akasema. "Na boriti katikati."

"Hiyo ni A. Na hii?"

"Upinde na kamba yake."

"D. Hii sasa, E."

"Reki. Meno tatu."

"Na ya mwisho ni F."

Akafikiri. "Reki hiyo hiyo. Jino la chini limeng'oka."

Ndivyo tulivyofanya. Nilimwambia tusitoe waya zote kwa pamoja; tutoe mmoja kwenye kisanduku cha zamani, tuufunge kwenye kipya, ndipo tuguse mwingine. Mikono yake ilikuwa imezoea kamba za nira, si nati, lakini ilikuwa na subira. Alinitajia alichokiona, nami nikamwelekeza. Kidole changu kikawa juu ya chake tukikaza.

"Paa la nyumba iko hapa," akasema. Tukahamisha paa la nyumba.

"Upinde, hapa." Tukahamisha upinde.

Halafu nikasikia akipangusa chuma kwa shuka lake, akapangusa tena.

"Dereva," akasema. "Reki ya meno tatu sioni. Iko mbili, zote za meno mbili."

Kutu ilikuwa imekula kisanduku cha zamani na E ilikuwa imepoteza jino lake. Waya mbili zilizobaki zilikuwa za rangi moja, au zilikuwa na rangi zamani na sasa zilikuwa na grisi tu. Nilikaa chini nikaegemea gurudumu. Nilijaribu kukumbuka fundi alivyoshika kile kisanduku siku ile, nikashindwa. Mzee hakuniharakisha. Alitoka akaenda kuwatazama maksai wake waliokuwa wamefungiwa nje, akarudi.

"Hizi waya," akauliza, "zote zinaenda pahali moja?"

Ndipo nikaamka. Hazikuwa zikienda pahali pamoja. F huenda kwenye dinamo, lakini E ni ya kupeleka umeme kwenye mwili wa trekta, basi lazima imefungwa kwenye chuma mahali fulani. Nilipitisha mkono ndani, nikashika waya wa kwanza, nikaufuata kwa vidole polepole chini ya tangi. Ulikwenda mbali, ukapinda, ukashuka ukaingia kwenye dinamo. Nikarudi nikashika wa pili. Huo ulikuwa mfupi. Uliishia kwenye bolti ya fremu, karibu tu.

"Huu mfupi," nikasema, "ndio wa meno matatu."

"Kwa hii mpya naiona vizuri," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Meno yote iko."

Tukafunga. Betri ilikuwa rahisi. Fundi alikuwa amefunga kitambaa kwenye kichwa kimoja na kumwambia mzee kwamba chenye kitambaa kifungwe mwisho, kwenye mwili wa trekta. Nilimwomba asogee nyuma nilipogusisha, maana sikutaka cheche impate yeye pia. Hakusogea. Hakuna kilichotokea, na hicho ndicho nilichokuwa nakiomba.

Ikabaki kuwasha. Nilimfundisha kushika hendeli ya kuzungushia injini: kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha kwa ghafla inavunja mkono. Akazungusha mara ya kwanza, injini ikakohoa. Akazungusha tena, ikashika. Nje maksai walishtuka wakaanza kuvuta kamba, naye akawapigia kelele kwa Kikipsigis bila kuondoka pale, akicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa mdomo wazi.

"Angalia ile saa ndogo ya kupimia umeme mbele ya usukani," nikamwambia. "Ina mshale. Mshale unafanya nini?"

"Umeruka kulia. Umeenda mbali."

Nilishika usukani kwa nguvu. Kwa kisanduku cha zamani mshale ulikuwa unakwenda mbali na kukaa huko huko.

"Na sasa?"

"Ngoja." Injini ilikuwa ikinguruma. "Unarudi. Polepole. Unarudi bado. Sasa umesimama kidogo tu kando ya katikati." Akaniwekea mkono begani. "Umetulia, kama ng'ombe amekunywa akashiba."

Nilimshika ule mkono na sikuuachia kwa muda. Nilikuwa sijui bado kama nitaona tena. Kama nisingeona, trekta ile ingeendeshwa na mtu mwingine na mimi ningerudi ziwani kushikwa mkono na mke wangu. Lakini kwa saa ile nilikuwa dereva tena, nilikuwa nimefanya kazi yangu, na aliyenipa nafasi hiyo ni mtu niliyekuwa nimekuja kuchukua kazi yake.

Dresa aliponifungua kitambaa alinikalisha ndani, dirisha likiwa limezibwa gunia. Kwanza niliona weupe mtupu. Kisha ukingo wa meza. Kisha mke wangu amesimama kwenye kona na mikono yake juu ya tumbo, uso umekaza kama mtu anayesubiri kupigwa. Nikamwambia ana tope shavuni. Alikaa chini sakafuni palepale.

Jicho la kulia lilipona kabisa. La kushoto limebaki na ukungu upande mmoja hadi leo hii ninapoandika, kama kioo alichopumulia mtoto. Nimeishi nalo bila shida.

Jumapili iliyofuata tulishuka bondeni, mimi na mke wangu. Nilikuwa nimemjengea yule mama picha kichwani: mwanamke mkubwa, mwenye mabega ya mwanamume, kwa jinsi alivyonikandamiza chini. Aliyetoka nje ya nyumba alikuwa mama mfupi, mwembamba, nywele zimeanza kuwa na mvi, akitembea ameinama kidogo kwa ule mgongo wake. Nilidhani ni jirani. Kisha akasema jambo kwa mumewe, na nikaijua sauti.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilisema tu, "Kongoi, mama. Kongoi mising," maana mumewe alikuwa amenifundisha jinsi wanavyoshukuru.

Alikuja hadi kwangu, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye jua na kunivuta kope za chini, moja baada ya nyingine, kama anavyokaguliwa ndama. Alitazama kwa muda mrefu lile la kushoto. Akasema kitu.

"Anasema hilo lilikuwa lake la mwisho," mzee akatafsiri. "Anasema pole. Kama angeanza na la kushoto, lingekuwa safi."

Mwanamke aliyeokoa macho yangu alikuwa ananiomba radhi kwa ukungu. Mke wangu, ambaye hajui Kikipsigis hata kidogo, alimkumbatia, na wale wawili wakasimama hivyo, tumbo likiwa katikati yao. Baadaye tulipewa mursik, maziwa yao ya kibuyu yenye majivu, na mke wangu, ambaye harufu ya maziwa ilikuwa inamshinda tangu mimba ianze, alikunywa yote.

Bwana alirudi kutoka Kericho amekonda, mto ulipopungua. Nyapara alimweleza yote. Alikwenda bandani akakitazama kile kisanduku kipya, akauliza nani alifunga, nikamwambia mimi na mzee wa maksai. Alitutazama mmoja mmoja. Sijui alifikiri nini. Hakuwa mtu wa kusema mengi. Lakini mvua zile zilikuwa zimemwonyesha kwamba kuna siku mkokoteni unapita mahali trela inapozama, na kabla ya mwaka kwisha alinunua jozi nyingine mbili za maksai. Mzee akapata njia yake ya bondeni, mimi nikabaki na ya mlimani. Tulipopishana tulisimama, tukasalimiana, na nikazima injini ili maksai wasisumbuke.

Siku mke wangu aliposhikwa na uchungu, dresa alikuwa amekwenda Kericho kuchukua dawa, na wanawake wa kwetu walikuwa mbali, ng'ambo ya vilima, kule ziwani. Nilikimbia bondeni. Yule mama alipanda mlima ule akiwa na mgongo wake, akaingia ndani, akanitoa nje mimi. Nilikaa kwenye kiti kile kile cha mlangoni nikiwa na macho wazi, nikasikia sauti yake kupitia ukutani ikirudia neno lake moja la Kiswahili. Mtoto alikuwa msichana. Alipoletwa nje kunionyesha, alikuwa amefumba macho kwa sababu ya jua, na mama yule akaweka kiganja chake juu ya uso mdogo, akamfanyia kivuli hadi alipoyafungua.